Mwanangu, vaa glavu

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku tu wazima, ila tangu uliponiambia kwa simu, tena ukicheka, kwamba zile ngozi kongwe za wanyama zimepakwa sumu ya aseniki, usingizi sipati. Ungenieleza kabla sijautangazia mtaa mzima kuwa umepata kazi makumbusho ya Berlin. Sasa kila anayenipa hongera namjibu nusunusu.

Kijana wa duka la dawa hapa Makadara kafungua simu yake akanisomea. Wazungu wa zamani walizipaka ngozi sabuni ya aseniki zisiliwe na wadudu, na sumu ile haiishi. Mnyama aliyejazwa miaka mia nyuma bado anayo, manyoyani na kwenye vumbi lake. Basi vaa glavu, na barakoa. Usile kitu chumba kile, hata pipi. Na kucha unauma bado, najua.

Yule kwaga wako, punda milia wa zamani, mistari mbele tu, nyuma kahawia kama aliyeishiwa rangi, nimemhadithia bibi yako. Nikamwambia wa mwisho alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883, na waliokuwa wakimlisha hawakujua kuwa hakuna mwingine. Bibi akanyamaza, kisha akauliza: na huyo naye katiwa sumu? Umeona, si mimi peke yangu.

La wale ndege wa Aislandi wasioruka, waliokwisha duniani, limenikera. Wamebaki wachache, wenye makusanyo wakazidi kuwataka, watu wakapanda mwamba wa Eldey mwaka 1844 wakainyonga jozi ya mwisho iliyojulikana. Kumbe makabati ya makumbusho yenyewe yaliwamaliza? Waulize wakubwa zako, lakini kwa adabu.

Baba yako yeye kakazania nguva. Anasema yule ng'ombe wa baharini wa Urusi, aliyegunduliwa 1741 na kufikia 1768 hayupo tena, ni wa ukoo mmoja na nguva wetu. Kisha akasema, akitazama sahani, kwamba ujanani nyama ya nguva waliila, tena kwa wingi. Siku hizi hata wavuvi wa Lamu humwona kwa nadra.

Ukimpita yule dinosaria, mjusi wa Tendaguru, aliyechimbuliwa Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913, msalimie. Yeye ni mifupa mitupu, hana ngozi, huyo hanitishi.

Nitumie picha ukiwa na glavu mkononi, si mfukoni.

Pesa zimefika. Nimelipa stima na fundi wa mabati, ingawa jikoni bado panavuja. Maji ya mfereji yamekatika, tunanunua mitungi ya mkokoteni. Yale niliyoyasema mbele ya ami yako siku ya tiketi usiyabebe mpaka huko.

Piga baada ya alasiri, asubuhi niko na mahamri ya watu. Na zile shati zako mbili, nimpe mdogo wako au utazitaka?

Mamako