Ile dakika moja

Mwenzangu,

Natumaini u mzima na jamaa wote hawajambo. Mimi nashukuru. Jana alfajiri nilisimama nyuma ya vijana wawili wa mafunzo, mmoja kashika sekstanti, kile chombo cha kupimia kimo cha nyota juu ya mstari wa bahari ili kujua meli ilipo, mwenzake saa na daftari. Mwenye sekstanti akaita, "Sasa!" Nikakukumbuka papo hapo.

Tulivyokuwa tukiuwania ule mwanga! Ukiwahi mno, mstari wa bahari hauonekani. Ukichelewa, nyota zimeshafifia. Una dakika chache tu, na meli haitulii. Naishusha Sirius kwenye kioo pole pole, naitikisa sekstanti kidogo, nyota inabembea kama pendulo mpaka inayagusa maji, naita, nawe unaandika sekunde. Kisha Canopus, kisha nyingine. Daftari lako lilikuwa limekakamaa kwa chumvi.

Nakuandikia kwa ajili ya asubuhi ile. Sekunde 4 zikikosewa karibu na ikweta ni maili moja ya baharini. Wewe uliandika dakika nzima mbele, tukajichora maili 15 magharibi ya tulipokuwa. Mkufunzi akanigeukia mimi, maana mistari kwenye chati niliichora mimi. Sijafumbua mdomo, ukasimama wima: "Kosa ni la saa, afande. Saa ninayo mimi." Zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi, wiki nzima, ukaibeba peke yako.

Jambo ambalo sijawahi kukuambia ni hili. Ulipoitaja ile dakika kwa sauti, sikio langu lilikataa. Nilihisi imezidi. Lakini nyota zilikuwa zinatukimbia, nikaona aibu kukukatiza, nikanyamaza. Na mbele ya mkufunzi nikanyamaza tena. Usiku wa pili nilikuona ukipanda zamu macho mekundu, ukanipiga bega, ukasema, "Lala, kesho nyota." Sikulala.

Wakati wa kuvishwa vyeo, watu walipokuwa wakipiga makofi, nilikuwa nakutazama wewe.

Nisamehe, ndugu yangu. Nimechelewa miaka mingi.

Wale vijana wa jana niliwasimamisha kabla ya nyota ya kwanza. Nikamwambia mwenye sekstanti aisome saa ya mwenzake kwa sauti, wakubaliane dakika, ndipo ainue kioo. Walidhani ni kanuni ya chuo.

Nijibu ukipata nafasi. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
mwenzako wa sekstanti