YAH: Bushi za jiwe zilizokerezwa na kuchomwa kinyume na mchoro

Kwa Meneja wa Karakana,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kuhusu bushi 12 za jiwe laini la pairofilaiti, yaani mirija mifupi ya kupitishia umeme kwenye bamba la tanuri, nilizoagiza kwenu kwa ajili ya tanuri langu la umeme, ninalotumia kuchomea tanzanaiti. Nimeshazilipia zote, na hakuna hata moja inayofaa kufungwa.

Mchoro niliowapa ulionyesha kipenyo cha nje milimita 20, na pembeni niliandika kwa wino mwekundu kuwa hicho ni kipimo cha baada ya kuchomwa. Tundu kwenye bamba la tanuri ni milimita 20.2. Fundi wenu alikereza milimita 20 kamili jiwe likiwa bado bichi, ndipo likaingia motoni. Pairofilaiti haisinyai kama udongo wa mfinyanzi. Ikichomwa hutanuka kwa takriban asilimia 2. Bushi zimetoka na milimita 20.4 na haziingii. Angekereza 19.6, tusingekuwa tunaandikiana barua. Tena kila bonge la jiwe hutofautiana kidogo na jingine, ndiyo maana kipande cha majaribio hukatwa kwenye bonge lile lile, kikapimwa, kikachomwa na kupimwa tena, kabla kazi ya mteja haijagusa mashine.

Nilipozirudisha, pale mapokezi niliambiwa nizipige msasa kidogo. Jiwe hili likiwa bichi hukwaruzika kwa ukucha, na ndiyo sababu fundi hulipenda. Likishafika nyuzi 1,000 na zaidi, kulipunguza kwa usahihi kunataka diski ya almasi. Hilo karakana inayouza kazi ya jiwe inapaswa kulijua.

Kilichoniuma zaidi ni nyufa. Bushi 5 zimepasuka kwa urefu. Kijana wa tanuri alinieleza bila kuficha kwamba joto lilipandishwa haraka ili kazi iwahi, na mlango ukafunguliwa ndani kukiwa bado moto. Simlaumu, alitii agizo. Lakini maji ya jiwe hili si unyevu wa kuanika juani. Yamefungwa ndani ya madini yenyewe na hutoka joto likishapanda mamia ya nyuzi; ukiharakisha, mvuke hukosa njia na jiwe hupasuka. Joto hupandishwa polepole, huachwa kileleni hadi lifike katikati ya kipande, kisha tanuri hupoa lenyewe mlango ukiwa umefungwa.

Bushi hizi ndizo zinazotenga ncha za koili, waya unaopasha tanuri joto, na bodi ya chuma. Zikiwa na ufa, bodi inaweza kushika umeme, na anayeshika mlango ule kila siku ni kijana wangu wa kazi. Halafu kuna mawe ya watu. Madalali hunikabidhi tanzanaiti ghafi ya Mererani niipandishe hadi kwenye nyuzi 500 au 600, rangi ya kahawia iwe buluu. Ufa huo ukisababisha umeme kukatika ghafla katikati ya kazi, jiwe lenye kasoro ndani linaweza kupasuka, nami sina cha kumrudishia mwenyewe.

Naomba mnitengenezee bushi 12 mpya bila malipo, mkianza na kipande cha majaribio, na mnipe vipimo vyake vya kabla na baada ya moto. Kama hamwezi, nirudishieni fedha zote nitafute fundi mjini Moshi. Hizi za zamani nitakuja nazo, mzipime mbele yangu.

Wako,
Mchomaji wa vito, Arusha