Kwa wanafunzi mliokuja Nairobi: ukuta ule si wa kuegemea

Wanangu,

Salaam nyingi kwenu mliorudi Dar es Salaam, na kwa wenzenu wanaofunga mizigo kuja huku likizo ijayo. Mimi ndiye yule mama aliyepewa kazi ya kuwatembeza mjini. Nimefundisha historia katika shule za jiji hili mpaka nikastaafu, na vijana wa umri wenu ndio watu ninaopenda kukaa nao. Naandika nikiwa bado nimeudhika. Barua nimeiacha wazi kwa sababu niliyoyaona si ya kundi lenu peke yake, na nataka wazazi na walimu wenu nao waisome.

Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue pana bustani ndogo yenye ukuta wa majina. Tulipofika nilianza kuwaeleza habari zake, lakini nusu yenu mlikuwa mmeshatawanyika kutafuta mahali pazuri pa kupigia picha. Basi sikilizeni sasa.

Hapo palikuwa ubalozi wa Marekani. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, lori lililojaa vilipuzi lilifika upande wa nyuma wa jengo. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo wa guruneti. Watu waliokuwa kwenye ofisi za jirani wakainuka vitini, wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawajia usoni. Wako watu hapa Nairobi walioamka siku ile wanaona, na tangu siku ile hawajaona tena. Jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni, liliporomoka lote, na ndani yake mlikuwa na chuo cha uhazili. Wanafunzi, wanangu, wa rika lenu, waliokuwa darasani wakijifunza kupiga chapa. Waliokufa Nairobi walizidi 200, wengi wao Wakenya, wengine wakiwa ndani ya mabasi yaliyokuwa yakipita tu barabarani. Waliojeruhiwa ni maelfu.

Na asubuhi ileile, kwa tofauti ya dakika chache, bomu la pili lililipuka Dar es Salaam, mjini kwenu, likaua watu 11. Ndani ya basi niliwauliza nani anajua lililotokea kwao tarehe hiyo. Kimya. Mlikuwa hamjazaliwa, sawa. Lakini na vita vya Majimaji hamkuwapo, mbona mnavijua?

Sasa nieleze nilichokiona. Kijana mmoja kati yenu aliegemea ukuta, mguu mmoja kaukunja nyuma, miwani ya jua usoni, vidole viwili juu. Mwenzake anapiga picha huku anamwambia acheke kidogo. Pembeni alisimama mama wa makamo, mkoba kwapani, anangoja. Alingoja picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho akasema kwa upole, "Samahani mwanangu, sogea kidogo, umeliziba jina." Kijana akasogea hatua moja, akaegemea tena, picha zikaendelea. Yule mama akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, akashika njia yake.

Nilimkemea kijana palepale, na baadhi yenu mkaniona mkali. Narudia hapa niliyomwambia. Kwenu ukiingia nyumba yenye msiba unavua viatu, unapunguza sauti, unatafuta mfiwa ni nani umpe mkono wa pole. Hakuna aliyekufundisha hayo shuleni, umelelewa nayo. Kwa nini basi ukivuka Namanga unayaacha mpakani? Na huyu si mtoto mtundu. Ndiye aliyenibebea mkoba tangu asubuhi, ndiye aliyenishika mkono tukivuka barabara. Hilo ndilo linaloniuma: mtoto mwenye malezi mema anafika mji wa watu na kuuona kama pazia la studio, kila kitu kimewekwa ili yeye asimame mbele yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyoambiwa na wazee wetu. Mwenyeji alisimama hatua mbili tu kutoka kwenu, na katika kundi zima hakuna aliyefungua kinywa kusema, "Pole, mama."

Sisemi msipige picha. Pigeni, baada ya kusoma majina japo matano, baada ya kutazama kulia na kushoto mjue ni nani yuko pale na kwa nini amekuja.

Hilihili ndilo lililonifanya nikatae kuwapeleka Kibera. Kuna walioniomba kwa kusisitiza, wakasema wanataka "kuona maisha halisi". Nikawauliza wanamjua nani huko, wanaenda kumjulia hali nani. Hakuna. Walitaka kupiga picha watoto wanaocheza kando ya mtaro. Je, Manzese na Tandale mnazikubalia? Akishuka mgeni na kamera, akampiga picha mdogo wako mlangoni akiwa hajavaa shati, kisha akapanda gari akaenda zake, mama yako atasemaje? Mwenye rafiki Kibera aende kwa rafiki yake, akae, anywe chai, ajue jina la mtoto. Asiye naye asubiri ampate.

Lakini lawama zote siwatwiki ninyi. Nimeiona ratiba yenu. Alasiri mbili nzima zilitengwa kwa jengo la maduka, na Kumbukumbu za Taifa, jengo linalotunza nyaraka na sanaa za nchi, mkapewa dakika arobaini. Nani aliyeipanga? Watu wazima. Wazazi walichanga nauli kwa taabu, wengine wamekopa, halafu mtoto anasafirishwa mwendo wa siku nzima ili apande ngazi za umeme ambazo hata Dar ziko. Mwalimu anayepanga safari namna hiyo anawafundisha wanafunzi kwamba mji ni mahali pa kununua.

Na sisi wenyeji tusijifanye watakatifu. Kila siku maelfu wanapita mbele ya sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri wetu, wanaahidiana kukutana hapo, wanapigwa picha hapo, na ukiwauliza vijana wetu alifia wapi hawajui kwamba alipigwa risasi kwenye barabara hiyohiyo tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Wala hawajui kwamba mwaka 1959 alipanga ndege iliyochukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata Wangari Maathai akawa katika kundi jingine, binti kutoka Nyeri akajikuta Kansas, katika mji mdogo uitwao Atchison. Wale vijana hawakwenda kutembea tu. Maathai alisomea baiolojia, akarudi, na mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, yeye ndiye aliyesimama akasema bustani ni ya watu. Akatukanwa mpaka bungeni. Jengo halikujengwa. Ninyi mlipita Uhuru Park pazia za basi zimefungwa kwa ajili ya jua.

Nimsifu anayestahili. Binti mmoja kati yenu alibaki ndani ya Kumbukumbu za Taifa wenzake walipokuwa wameshatoka nje kununua maji. Nilimkuta mbele ya kabati la vinyago, anamwuliza mfanyakazi wa pale vilikusanywa na nani. Akaelezwa habari za Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mwaka 1966, na mkewe Sheila, waliotumia maisha yao kukusanya sanaa ya Afrika. Akauliza tena, jengo lenyewe lilikuwa nini zamani? Benki, akaambiwa, Bank of India. Akayaandika yote kwenye daftari, si kwenye simu. Yule mfanyakazi uso ulimng'aa, nadhani ni siku nyingi hajaulizwa swali. Binti huyo akafika kwenye basi amechelewa, mkamzomea. Yeye ndiye aliyeiona Nairobi.

Mengine nayataja harakaharaka. Nauli ya matatu ulizeni kabla ya kupanda, maana mvua ikinyesha inapanda. Simu isikae dirishani. Njia mwulizeni bawabu au mwenye duka, si kila anayejitolea kuwaelekeza. Anza na "habari yako" kwanza, hata kama yeye ana haraka. Julai hapa ni baridi, njooni na sweta. Kuleni kwenye vibanda, chapati na ndengu, mkae benchi moja na wajenzi na makarani. Hati ya kusafiria kila mtu ashike yake. Kiswahili cha Nairobi msikicheke, kisikilizeni. Na kila jioni kabla ya kulala andikeni ukurasa mmoja.

Jambo moja zaidi, kwa walimu wenu. Kuanzia 1963 hadi 1970 tulikuwa na chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kikiwa na matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka sheria alikwenda Dar, aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, utabibu ulikuwa Makerere. Kijana alikaa mji wa wenzake miaka, akawajua kwa majina, akala nao, akafiwa nao. Leo tunawapa siku chache tu na basi lenye viyoyozi, na hizo chache nazo tunazipoteza. Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayoihubiri Arusha haiwezi kujengwa na vijana waliokutana madukani.

Wewe kijana wa miwani, jina lako nalijua na silitaji. Sina kinyongo nawe. Hapo Dar, katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna ukumbusho wa waliokufa kwenu siku ileile. Nenda na wenzako, mtafute mtu mzima anayeikumbuka asubuhi hiyo, mkae naye, mumwache aseme mpaka amalize. Kisha niandikie alivyosema.

Na mwalimu mkuu wa msafara, namba yangu unayo. Ratiba ya kundi lijalo niletee kabla hujaichapisha. Alasiri zote mbili za madukani nitazifuta, na mahali pake nitaandika: bustani ya Agosti 7, kwa miguu, asubuhi, kabla joto halijapanda.