Redio mpya kwenye gari la Japani: pima kwanza, rangi za nyaya zitakudanganya

Gari likitoka Japani huja na redio ya Japani, na redio hiyo hapa Lubumbashi haina faida kubwa. FM ya kule ilianzia 76 ikaishia 90. Hata redio za karibuni huishia 95. Stesheni za kwetu zinafika 108, na Radio Okapi iko 95.8. Kipo kidude cha kushusha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena: kikishusha kwa 10, Okapi utaipata kwenye 85.8, lakini kwenye redio inayoishia 90 kila iliyo juu ya 100 inabaki nje. Dawa ni kubadilisha redio yenyewe.

Sisi tunauza redio hizi, na hatuna neno mteja akijifungia mwenyewe nyumbani. Kinachotuuma ni redio mpya kurudi imeungua kwa sababu mtu alifuata rangi. Upande wa redio mpya rangi zinaeleweka: waya wa njano ni umeme wa muda wote, ule unaotunza saa na stesheni, mwekundu ni umeme wa swichi, mweusi ni wa masi, unaoshikana na chuma cha gari. Sasa angalia Toyota, kwenye soketi zake mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Humo nyekundu, nyeusi na njano kwa kawaida ni nyaya za spika za nyuma! Umeme wa muda wote uko kwenye buluu yenye mstari wa njano, wa swichi kwenye kijivu, masi kwenye kahawia. Aliyeunganisha rangi kwa rangi redio yake haiwaki, ndipo anaanza kubahatisha waya mmoja baada ya mwingine mpaka kitu kinanuka.

Kwa hiyo tumia multimeta, yaani kipimo cha umeme, hata ile ya bei ndogo. Iweke kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi iguse chuma cha gari kisicho na rangi, nyekundu iguse nyaya za soketi ya gari mmoja mmoja. Ufunguo ukiwa umetolewa, waya unaoonyesha kama 12 ndio wa muda wote. Zungusha ufunguo hadi ACC, pale redio inapowaka kabla ya injini: uliokuwa sifuri ukapanda ndio wa swichi. Washa taa ndogo, utaujua wa mwanga wa dashibodi. Andika kila kimoja kwenye karatasi, kisha fungua waya hasi wa betri kabla ya kuunganisha chochote. Ukipishanisha njano na nyekundu za redio, redio itasahau saa na stesheni kila unapozima gari. Ukizifunga zote mbili kwenye umeme wa muda wote, asubuhi huenda ukasukuma gari.

Spika zina nyaya mbili kila moja, na zote mbili lazima zirudi kwenye redio. Usifunge hasi ya spika kwenye chuma cha gari, maana kwenye redio za sasa waya huo nao unabeba umeme, na hapo ndipo chipu ya sauti inapokufa. Soketi yoyote ya njano utakayoiona chini ya dashibodi iache: mara nyingi ni ya mifuko ya hewa.

Usikate soketi ya gari. Nunua soketi ya kati inayolingana, ile inayokaa kati ya soketi ya gari na redio, uunganishe nyaya mezani kwa risasi ya kulehemu, kila kiungo na mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na teipu hakudumu; joto la Oktoba huyeyusha gundi, na mashimo ya barabara humalizia. Fyuzi ya nyuma ya redio ikiungua, weka ya ukubwa uleule, tafuta sababu.

Wenye malori, tafadhali: mengi yana volti 24, na redio ya volti 12 hufa papo hapo. Usichukue umeme katikati ya betri mbili, kwani moja itachoka kabla ya mwenzake. Weka kipunguza volti.

Ukikwama, tata au mama, tuletee gari kabla hujakata. Tutapima mbele yako na kubandika jina kwenye kila waya, hata kama redio hukuinunua kwetu, kisha ukamalizie mwenyewe.