Kabla ya Kulipia Jina la Laptopu, Uliza Memori ya Grafiki

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Kisumu huuliza kwanza: kati ya HP, Lenovo na Dell, ipi bora? Kwa anayeandika barua na kujaza fomu za mtandaoni, yoyote kati ya hizo itamfaa. Lakini kama unahariri video za harusi, unachora ramani za nyumba au unacheza michezo mizito, usianzie kwenye jina. Kampuni hizo, pamoja na Asus na Acer, hazitengenezi chipu za grafiki, zile zinazochora kinachoonekana kwenye skrini. Huzinunua kwa Nvidia, AMD na Intel. Chipu ya Nvidia iitwayo RTX 4050 iliyo ndani ya HP Victus na ile ya Lenovo LOQ ni chipu moja, na kila moja ina memori ya 6GB.

Memori hiyo ndiyo hubeba picha na maumbo ambayo chipu inayachora wakati huo. Ikijaa, chipu huazima RAM, yaani memori ya kawaida ya kompyuta, ambayo kwake ni ya polepole mno. Hapo video huanza kukwamakwama, na programu ya kuhariri video kama DaVinci Resolve hukuambia wazi kwamba memori ya GPU (chipu ya grafiki) imejaa. RAM unaweza kuongezewa kwenye laptopu nyingi, lakini memori ya grafiki imechomelewa kwenye bodi. Utakayonunua leo ndiyo utakayokaa nayo.

Sasa kuna jambo linalotuuma. Laptopu yenye Intel UHD au Iris Xe pekee, yaani grafiki zilizomo ndani ya prosesa, haina memori yake ya grafiki, hutumia RAM. Windows huiruhusu kuchukua hadi karibu nusu ya RAM yote, kwa hiyo mashine ya RAM 8GB huonyesha karibu 4GB za kuazima. Kuna wauzaji wanaochukua nambari hiyo na kuiandika kwenye tangazo kama “grafiki 4GB”. Mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro analipa, mara nyingi kwa pesa ambazo mzazi amekopa kwenye chama, kisha anafika hosteli na programu yake ya kuchora inagoma.

Kulijua hilo ni kazi ya dakika moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia “Performance”, kisha “GPU”; zikiwa mbili, angalia zote. Palipoandikwa “Dedicated GPU memory” ndiyo memori ya chipu yenyewe. “Shared” ni ya kuazima. Ukikuta hakuna hata moja yenye “Dedicated”, au ni 512MB tu, hiyo si laptopu ya grafiki, hata ikibandikwa stika ya aina gani. Muuzaji akikukataza kuangalia, ondoka.

(Kama tayari una laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 yenye i5 au i7 na kijiti kimoja tu cha RAM, usikimbilie kuiuza. Iris Xe huhitaji RAM ya njia mbili, yaani vijiti viwili vinavyofanya kazi pamoja. Bila hiyo Windows huitambua kama UHD tu. Kama ina nafasi ya pili, kijiti kimoja zaidi huongeza kasi ya grafiki.)

Majina ya chipu nayo yanahitaji uangalifu. RTX 3050 ya laptopu ilitoka 2021 ikiwa na 4GB, kisha ikaja nyingine ya 6GB kwa jina lilelile. RTX 3060 ya laptopu ina 6GB, ilhali ile maarufu ya kompyuta ya mezani ina 12GB, basi usidanganyike na video za mtandaoni zinazoonyesha ile ya mezani. RTX 4060 na 4070 za laptopu zote zina 8GB. Kama shida yako ni memori kujaa, kulipia 4070 hakukuongezei hata GB moja.

Kampuni hutofautiana kwenye umeme na joto. Nvidia huruhusu RTX 4050 ya laptopu kupewa kati ya wati 35 na 115, na kila kampuni huchagua kiwango chake kwa kila modeli. Laptopu nyembamba ya kupendeza yaweza kushindwa na nene yenye chipu ileile. Kwa joto la mchana wa Kisumu, sisi tunapendelea nene yenye feni mbili. Stima ikipotea, nayo betri haiwezi kuipa chipu nguvu zote, hivyo kasi itashuka. Tazama pia skrini: modeli nyingi za michezo za bei nafuu huja na skrini ya 45% NTSC, yaani yenye rangi chache, na mpiga picha atasahihisha rangi ambazo haoni sawasawa.

Bajeti ikiwa ndogo, ushauri wetu ni ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad P yenye chipu ya Nvidia Quadro P2000 au T2000. Hizo zina 4GB zake zenyewe, na kwa ramani na video za kawaida zinaishinda laptopu mpya isiyo na chipu ya grafiki yenye memori yake. Hakikisha tu inakuja na chaja yake kubwa. Kwa chaja dhaifu itafanya kazi kwa kusuasua.

Ukija, beba kazi yako halisi kwenye flashi. Tutaifungua kwenye mashine mbili tatu za kampuni tofauti, uone memori inavyojaa kabla hujatoa shilingi.