Shukrani kwa dada muuguzi wa kipimo cha presha ya njia ya haja kubwa
Dada muuguzi, jina lako sikulishika, ila Mungu akuzidishie. Miaka mingi naambiwa kula mboga, kunywa maji, na choo kinagoma vilevile. Wewe ulinieleza kila hatua kabla ya kunigusa: mrija mwembamba wenye vihisi vya presha, kubana, kukohoa, kusukuma, kisha puto lenye mililita 50 za maji nilitoe mwenyewe. Ukanifunika shuka vizuri. Kwa mama mtu mzima hilo ni kubwa sana. Ulifuata utaratibu wa London wa 2020, uliowekwa ili hospitali zipime kwa namna moja, na majibu yakasomeka wazi: nikisukuma, misuli ya njia ya haja kubwa inabana badala ya kulegea. Sasa najifunza kuilegeza nikitazama mistari kwenye skrini, na nafuu naiona. Ahsante sana, dada yangu.