Malalamiko: pampu ya maji "mpya" iliyozibwa kitundu

Dar es Salaam,
23 Juni 2025

Kwa Meneja,
Huduma za Dharura za Malori

Ndugu Meneja,

YAH: PAMPU YA MAJI MLIYOFUNGA IYOVI TAREHE 11 JUNI 2025

Mimi ndiye mwenye lori lililokuwa na salfa kutoka bandarini kwenda Kolwezi, Kongo, ambalo fundi wenu alilifungia pampu ya maji kwenye milima ya Iyovi. Kwenye risiti yenu ya EFD mmeandika "pampu mpya". Haikuwa mpya. Barua hii ni ndefu kidogo kwa sababu kwenye simu kila ninayeongea naye ananiambia dereva wangu "alilazimisha gari mlimani", na maneno hayo nimechoka kuyasikia.

Jumanne tarehe 10, kama saa 2 usiku, dereva aliona sindano ya joto inapanda kuliko kawaida. Akaegesha, akamulika tochi, akakuta maji yanachuruzika chini ya pampu. Hakuongeza maji na kuendelea kama wanavyofanya wengi. Alizima injini, akaweka pembe tatu zake na matawi barabarani, akanipigia. Mpaka hapo hamna kosa. Pampu ile ilikuwa imefanya kazi yake miaka mingi na ilikufa kwa kuchoka.

Saa 2:40 nilipiga namba yenu ya dharura. Nikaambiwa fundi anatoka Morogoro na kabla ya saa 7 usiku atakuwa ameshafika. Alifika saa 3 asubuhi. Usiku mzima dereva na utingo walikesha wakilinda dizeli na turubai, na mimi huku nikipiga simu ambayo kuanzia saa 8 haikupokelewa tena. Sikutaka hata kulitaja hili, maana barabara ile naijua na kuchelewa kupo. Ila nimeona kwenye ankara mmenitoza nauli ya usiku. Usiku upi, wakati mtu wenu ameingia jua limeshawaka?

Fundi mwenyewe sina ugomvi naye. Dereva anasema ni kijana mwenye adabu, alikuja peke yake bila msaidizi, macho mekundu, ametoka kufanya kazi nyingine Dumila. Alifungua pampu ya zamani, akafunga mliyompa, akajaza maji ya madumu waliyochota jirani. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, hakuwa nayo. Mfumo wa gari hili unabeba zaidi ya lita 40, nanyi mnawatuma mafundi porini bila hata dumu moja la kulanti! Maji matupu yanaweza kukusogeza mpaka mji wa karibu, sawa, lakini basi mteja aambiwe kwamba ni ya muda, akifika ayamwage. Sisi hatukuambiwa.

Fomu yenu ya kazi inasema injini "imejaribiwa dakika 30, hewa imetolewa, maji yameongezwa". Lori langu lina kifaa cha ufuatiliaji kinachoandika injini inapowashwa na gari linapoondoka. Siku hiyo injini iliwashwa saa 6:04 mchana na gari likaanza kutembea saa 6:11. Dakika 7. Injini ya ukubwa ule ikiwa ya baridi, kwa dakika 7 thamostati, ile vali inayofunguka injini ikishapata moto, haijafunguka, kwa hiyo maji hayajaanza hata kupita kwenye rejeta, na hewa iliyobaki ndani haijapata pa kutokea. Aliyejaza fomu alijaza alichotakiwa kujaza, si alichofanya. "Tembea tu, mzee wangu, iko vizuri," ndivyo alivyomwambia dereva.

Saa 9 alasiri lori lilikuwa mlima Kitonga, kwenye kona, linapanda na tani 30. Mlima ule hauhitaji maelezo: gari linakwenda mwendo wa kutambaa, upepo wa mbele hakuna, injini inakamuliwa mpaka mwisho, na kinachoiokoa ni feni na pampu ya maji tu. Taa ya chaji ikawaka. Kufumba na kufumbua sindano ikagonga nyekundu, mvuke ukafunika kioo. Beringi ya pampu ilikuwa imejifunga na mkanda umeruka. Utingo aliweka mawe kwenye matairi huku foleni inaanza kujipanga nyuma. Gari kukwama namna hiyo Kitonga kunaumiza mamia ya watu wasiohusika na mimi wala nanyi. Tulivutwa mpaka Ilula kwa shilingi 900,000.

Pampu ilifunguliwa Ilula mbele ya dereva, na video ninayo. Chini ya rangi ya fedha kulikuwa na kutu. Boliti za puli zilikuwa za saizi mbili tofauti. Gasketi ilikatwa kwa mkono, kisha ikapakwa silikoni nyekundu kila upande. Haya yote ningeweza kuyameza kama uzembe. Lakini chini ya kila pampu ya namna hii kuna kitundu kidogo. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea pale ili dereva ayaone mapema na ili yasiingie kwenye beringi. Kitundu hicho ndicho kilichomwokoa dereva wangu Iyovi Jumanne usiku. Kwenye pampu yenu kilikuwa kimezibwa kwa silikoni, na juu yake pakapakwa rangi.

Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Aliyeziba alijua sili inavuja. Aliyepaka rangi juu alijua kuna kitu kinafichwa. Maji yakakosa njia, yakaingia kwenye beringi, yakaosha grisi, na pampu ikafa bila kutoa hata tone la onyo. Dereva alikagua chini ya gari aliposimama kula Ruaha Mbuyuni, akakuta pakavu. Mnamlaumu mtu ambaye mlimficha dalili.

Kuhusu fedha: niliwalipa 1,950,000, yaani pampu 1,180,000, kazi 350,000 na usafiri 420,000. Kuvutwa ni hiyo 900,000. Gasketi ya hedi iliungua, na matengenezo yake na pampu nyingine, safari hii mpya kweli na boksi lake, yamenigharimu 2,640,000. Nadai shilingi 5,490,000 ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku alizonikata mwenye mzigo kwa kuchelewa nimeziacha kwa sasa. Mkiniletea tena hadithi ya dereva kulazimisha gari, nitaziongeza.

Pia nataka maelezo ya maandishi kuhusu pampu hiyo ilikotoka: stoo yenu, au duka mnalonunua. Kama mmeuziwa nanyi, semeni. Nitawaelewa zaidi kuliko mkinyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu kitu kikuukuu kwa jina la kipya, na malalamiko kwa Tume ya Ushindani nimeshayaandika. Siku 14 zikipita kimya, nayapeleka pamoja na video, risiti, fomu yenu na taarifa ya kifaa cha ufuatiliaji.

Pampu mliyonifungia ipo kwangu. Mtu wenu anakaribishwa kuja kuiangalia na kuipiga picha, ila kuondoka nayo hapana.

Na jambo la mwisho. Fundi wenu aliondoka Iyovi na pampu yangu ya zamani, akisema ni utaratibu wenu kukusanya vyuma chakavu. Naomba irudishwe. Ina alama ya kuchomelewa kwenye sikio la kushoto, kwa hiyo nitaitambua hata ikiwa imepakwa rangi.

Wenu,

Mmiliki wa lori
(namba ya gari na ya risiti ziko kwenye viambatisho)